Aliyevunjwa Moyo na Chama Chake Vitani Si Msaliti

Tarehe 4 Agosti 1914, katika Bunge la Ujerumani mjini Berlin, Hugo Haase alisimama kusoma tamko la chama chake. Haase, wakili wa Königsberg, alikuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa SPD, chama cha kisoshalisti cha wafanyakazi kilichokuwa na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote nchini humo. Tamko lilisema chama hakitaitupa nchi saa ya hatari, na kwamba wabunge wake wanaiunga mkono serikali ya Kaizari ikope marki bilioni 5 za kuendeshea vita. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Tamko halikusema kwamba siku moja kabla, katika kikao cha ndani cha wabunge wa SPD, watu 14 walikuwa wameupinga mkopo huo dhidi ya 78 walioukubali, na kwamba mmoja wa wale 14 alikuwa Haase mwenyewe. Alisoma maneno asiyoyakubali kwa sababu wengi walikuwa wameamua, na desturi ya chama ilikuwa kwamba wengi wakishaamua, wote hupiga kura moja.

Mtu anaweza kuvunjwa moyo na chama chake wakati wowote: kwa rushwa, kwa uteuzi wa hila, kwa ahadi ya barabara isiyojengwa. Vita huongeza uzito ambao siasa za kawaida hazina. Kosa la chama wakati wa amani hulipwa kwa fedha na muda. Wakati wa vita hulipwa kwa watoto wa watu. Wakati huohuo gharama ya kusema nayo hupanda, maana anayewahoji viongozi wake huambiwa anamsaidia adui. Wengi hunyamaza, na kimya chao huitwa uaminifu. Hoja ya makala haya ni kwamba huo si uaminifu, na kwamba chama kinachoudai hujiumiza chenyewe. Kura ya kuingia vitani hupigwa siku moja, lakini vita hubadilika kila mwezi: sababu zake, malengo yake, idadi ya waliokufa. Mtu aliyekubali vita vya kuilinda nchi yake hajakubali vita vya kunyakua ardhi ya jirani. Mwanachama anayerudi kuuliza kama masharti ya kura ya kwanza bado yapo anafanya kazi ambayo hakuna mwingine ndani ya chama anayeifanya, na yaliyoipata SPD kati ya 1914 na 1917 yanaonyesha kinachotokea kazi hiyo inapogeuzwa kosa.

Ili kuelewa ukubwa wa machungu ya waliovunjwa moyo na SPD, lazima kwanza tujue chama hicho kilikuwa nini kwa watu wake. SPD ilikuwa imepita katika miaka 12 ya sheria ya kuikandamiza, kuanzia 1878 hadi 1890, ambapo mikutano na magazeti yake vilipigwa marufuku na wanachama wake wengi kufungwa. Ilitoka humo na nguvu zaidi. Katika uchaguzi wa 1912 ilipata zaidi ya theluthi moja ya kura zote na viti 110 kati ya 397. Ilipofika 1914 ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni moja na magazeti ya kila siku yapatayo 90. Mfanyakazi wa Hamburg au Leipzig aliweza kusoma gazeti la chama asubuhi, kuimba katika kwaya ya chama jioni, na kuazima vitabu katika maktaba ya chama. Na chama hicho kilikuwa kimeahidi kupinga vita, kwa maazimio ya mikutano ya kimataifa ya wasoshalisti huko Stuttgart mwaka 1907 na Basel mwaka 1912. Hata nyakati za ukoloni sauti yake ilisikika. Mwaka 1896 kiongozi wake August Bebel ndiye aliyeanika Bungeni ukatili wa Carl Peters, aliyewanyonga Waafrika Kilimanjaro, yule ambaye watu wa Tanganyika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa kazi. Tarehe 25 Julai 1914 uongozi wa chama uliwaita wanachama wapinge vita, na siku zilizofuata watu kwa maelfu mengi waliandamana katika miji ya Ujerumani. Siku kumi baada ya wito huo, wabunge wa chama hichohicho wakaupitisha mkopo wa vita.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba wale 78 walikuwa wanafiki. Walikuwa na sababu, na baadhi yake zilikuwa nzito. Urusi ya Tsar, serikali ambayo wasoshalisti wa Ulaya waliiona kuwa adui mkuu wa uhuru, ilikuwa imeanza kukusanya majeshi, na serikali ya Berlin iliwaeleza watu kwamba vita ni vya kujilinda. Viongozi wa chama walikumbuka pia uchaguzi wa Januari 1907, walipoadhibiwa kwa kukataa fedha za vita vya kikoloni kule Afrika ya Kusini Magharibi: waliitwa maadui wa taifa, na viti vyao vikaanguka kutoka 81 hadi 43. Waliogopa sheria ya marufuku irudi na kila walichokijenga kibomolewe kwa usiku mmoja. Walitumaini kwamba wafanyakazi wakimwaga damu kwa ajili ya nchi, hatimaye watapewa haki sawa ya kupiga kura katika jimbo la Prussia, ambako kura ya tajiri ilikuwa na uzito mara nyingi kuliko ya maskini. Baadhi yao waliithibitisha imani yao kwa miili yao. Ludwig Frank, mbunge wa SPD aliyeupigania mkopo huo, alijiandikisha jeshini kwa hiari akiwa na umri wa miaka 40, na aliuawa tarehe 3 Septemba 1914 karibu na Lunéville. Friedrich Ebert, mwenyekiti mwingine wa chama, alipoteza watoto wawili vitani mwaka 1917. Kwa hiyo tatizo la SPD halikuwa kura ya kwanza peke yake. Tatizo lilikuwa jinsi chama kilivyoifanya kura hiyo iwe kiapo cha kudumu, huku ukweli ulioizaa ukiyeyuka siku hadi siku.

Uliyeyuka mapema. Siku ileile Haase aliposoma tamko, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yanaingia Ubelgiji, nchi ndogo iliyokuwa haina ugomvi na mtu. Mei 1915 jumuiya sita kubwa za wenye viwanda, wakulima na wafanyabiashara zilimwandikia waziri mkuu kudai Ubelgiji iwekwe chini ya Ujerumani na ardhi zaidi ichukuliwe Ufaransa na mashariki. Hilo halikuwa dai la watu wanaojilinda. Magazeti ya SPD nayo yalikuwa chini ya ukaguzi wa jeshi, hivyo wanachama waliotaka kulijadili suala hilo walizibwa midomo. Nyumbani mkate ulianza kugawiwa kwa kadi mwanzoni mwa 1915, mkate uliochanganywa viazi ili unga utoshe, na wanawake waliotoka zamu ya kiwandani walikwenda kupanga foleni wakiwa hawajui kama watarudi na kitu. Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 viazi vyenyewe vilikosekana, na watu wa mijini wakala aina ya mizizi iliyokuwa ikilishwa mifugo. Vita hivyo vilifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Novemba 1914 damu ilimwagika Tanga, na hadi vita vinakwisha wapagazi Waafrika kwa makumi ya maelfu walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote, watu ambao hawakuwa na kura katika chama chochote cha Ulaya.

Waliovunjika moyo hawakuwa kundi moja, na hilo ni jambo la kuzingatia. Wa kwanza kuonekana hadharani alikuwa Karl Liebknecht. Tarehe 2 Desemba 1914 serikali iliporudi kuomba marki bilioni 5 nyingine, wabunge walitakiwa kusimama kuonyesha wamekubali, naye akabaki amekaa kwenye kiti chake. Spika alikataa maelezo yake ya maandishi yaingizwe katika kumbukumbu za Bunge. Liebknecht alikuwa mtu wa siasa kali, na ingekuwa rahisi kusema kwamba pingamizi lilikuwa la watu wa aina yake tu. Lakini Juni 1915 lilitokea waraka wa kuutaka uongozi ubadili msimamo, ukiwa na majina matatu: Haase, Karl Kautsky na Eduard Bernstein. Kautsky na Bernstein walikuwa wamebishana kwa zaidi ya miaka 15 juu ya mwelekeo wa usoshalisti. Kautsky alikuwa mlinzi wa mafundisho ya Marx, Bernstein mtu wa mageuzi ya polepole aliyeshutumiwa kuyaacha mafundisho hayo. Vita viliwakutanisha. Itikadi zao zilibaki mbalimbali, ila wote watatu walikuwa wameona kwamba sababu iliyotolewa Agosti 1914 haikuwa tena sababu ya vita vilivyokuwa vikipiganwa. Bernstein mwenyewe aliukubali mkopo wa kwanza, kisha akabadilika baada ya kuzichunguza nyaraka za chanzo cha vita. Huyo ndiye mwanachama ambaye chama makini humtamani: mtu anayetazama ushahidi mpya na kukubali kusahihishwa nao.

Uongozi ulijibu kwa nidhamu. Desemba 1915 wabunge 20 wa SPD walipopiga kura ya hapana, na wengine zaidi ya 20 wakatoka nje ya ukumbi wasipige kabisa, idadi hiyo ingetosha kumwonyesha kiongozi yeyote kwamba chama kinahitaji mjadala. Badala yake Januari 1916 Liebknecht aliondolewa katika kundi la wabunge, na Machi mwaka huohuo, Haase alipoipinga bajeti ya dharura Bungeni huku kelele za kumzomea zikitoka hata kwa wenzake wa chama, yeye na wengine 17 wakafukuzwa katika kundi hilo. Mei Mosi 1916 Liebknecht alikamatwa katika uwanja wa Potsdam mjini Berlin kwa kupaza sauti dhidi ya vita na serikali. Alipohukumiwa mwishoni mwa Juni, wafanyakazi wa viwanda vya chuma wapatao 55,000 waligoma. Oktoba mwaka huo jeshi lililifungia gazeti kuu la chama, Vorwärts, ambalo wahariri wake walikuwa upande wa pingamizi, na uongozi ukaitumia nafasi hiyo kulitwaa na kulirejesha likiwa chini ya mamlaka yake. Aprili 1917 waliofukuzwa walikutana Gotha na kuunda chama kipya, USPD. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya milioni moja kabla ya vita kilibaki na wapatao 243,000. Wengi katika upungufu huo walikuwa wamechukuliwa jeshini, na si haki kuuhesabu wote kuwa wa waliochukia. Hata hivyo magazeti, matawi mazima ya mijini na viongozi wa miaka mingi vilikwenda upande mwingine.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la nidhamu. Chama, wanasema, hakiwezi kuishi ikiwa kila mbunge anapiga kura anavyopenda. Wachache lazima wawakubali wengi, na wale 14 walipewa nafasi ya kusema ndani. Hoja hii ina nguvu wakati wa amani, na hata wakati wa vita ina nguvu katika mambo mengi. Lakini nidhamu ya kidemokrasia ina sharti lake: wachache hutii leo kwa sababu kesho wanaweza kuwashawishi wengi. Ukaguzi wa magazeti, kuandikishwa jeshini na kufukuzwa viliiondoa kesho hiyo. Mkutano mkuu wa chama haukufanyika tena hadi Oktoba 1917, wakati wapinzani walikwisha toka. Wengi waliokuwa wanatiiwa walikuwa wengi wa Agosti 1914, si wa siku ya kura. Na matukio yenyewe yaliwapa haki wachache. Tarehe 19 Julai 1917 Bunge lilipitisha azimio la kutaka amani isiyo ya kunyakua ardhi, kwa kura 212 dhidi ya 126, na SPD ilikuwa miongoni mwa vyama vilivyolileta. Mambo ambayo Haase, Kautsky na Bernstein waliyadai Juni 1915 yalikuwa sasa msimamo wa chama kilichowafukuza. Miaka miwili ilipotea, na wakati huo askari walikuwa wamekufa katika mapigano ya Verdun na Somme.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vitani umoja ni silaha, na adui hufurahia akisikia chama tawala au chama kikuu kinagombana. Hapa hatuna budi kuutazama mfano wa upande wa pili, wa watu waliokihoji chama chao kwa sababu walitaka vita viendeshwe vizuri zaidi. Tarehe 7 na 8 Mei 1940, baada ya majeshi ya Uingereza kushindwa Norway, wabunge wa chama cha Conservative walisimama dhidi ya waziri mkuu wao wenyewe, Neville Chamberlain. Leo Amery, mbunge wa Birmingham kama Chamberlain na mwenzake wa miaka mingi, alimwambia waziwazi aondoke. Roger Keyes, mbunge wa chama hichohicho, aliingia Bungeni amevaa sare yake ya admirali aeleze jinsi jeshi la majini lilivyotumiwa vibaya. Serikali ilishinda kura kwa 281 dhidi ya 200, lakini wabunge wapatao 40 wa upande wake walikuwa wameipinga na wengine wengi hawakupiga. Siku mbili baadaye Winston Churchill akawa waziri mkuu. Majeshi ya Hitler yalikuwa mlangoni mwa Ufaransa wiki ileile. Ikiwa kuna wakati ambao kimya kingeweza kudaiwa kwa jina la taifa, ulikuwa huo. Hata hivyo ni vigumu kupata Mwingereza anayesema leo kwamba Amery na Keyes walimsaidia adui. Umoja wenye thamani ni ule unaobaki baada ya maswali kujibiwa, na serikali ya mseto iliyoundwa wiki hiyo ilikuwa na umoja wa namna hiyo.

Inawezekana pia chama kikaubeba mgawanyiko wa vita bila kuvunjika. Agosti 1914, siku moja baada ya SPD kuukubali mkopo, Ramsay MacDonald alijiuzulu uongozi wa wabunge wa chama cha Labour cha Uingereza kwa kuwa wenzake waliamua kuunga mkono vita. Arthur Henderson alichukua nafasi yake, na baadaye akaingia katika baraza la mawaziri la vita. MacDonald alitukanwa magazetini na kwenye mikutano ya hadhara, lakini chama chake hakikumfukuza. Aliendelea kuwa mweka hazina wake. Kundi lake la Independent Labour, lililopinga vita, liliendelea kuwa sehemu ya chama. Mwaka 1917 Henderson naye alijiuzulu uwaziri baada ya serikali kumzuia asiende kwenye mkutano wa amani wa wasoshalisti, na wawili hao wakajikuta tena wanafanya kazi pamoja. Januari 1924 MacDonald aliunda serikali ya kwanza ya Labour, Henderson akiwa waziri wa mambo ya ndani. Kweli, Uingereza haikupatwa na njaa ya Ujerumani wala haikushindwa vita, na haitakuwa sahihi kueleza tofauti yote kwa sababu moja. Lakini uamuzi wa kutomfukuza mtu hauhitaji ushindi wala mkate. Ulikuwa mikononi mwa viongozi wa Labour, nao waliutumia vizuri. Ulikuwa pia mikononi mwa viongozi wa SPD.

Pingamizi la mwisho husemwa na watu wanaojua historia iliyofuata: mgawanyiko wa wafanyakazi wa Ujerumani ndio uliomfungulia Hitler njia mwaka 1933, kwa hiyo waliovunjika moyo mwaka 1915 walipaswa kumeza machungu yao. Uzito wa jambo hili unadai jibu la uangalifu. Ufa uliomsaidia Hitler ulikuwa kati ya SPD na Wakomunisti, na ulipanuliwa na damu iliyomwagika Januari 1919, Liebknecht na mwenzake Rosa Luxemburg walipouawa na askari chini ya serikali ya SPD, kisha na amri za Moscow. Watu wa USPD hawakuwa wote wa njia hiyo. Novemba 1918 Haase na wenzake wawili walikaa katika serikali moja na Ebert, watatu kwa watatu. Bernstein alirudi SPD mapema, na mwaka 1922 waliokataa Ukomunisti katika USPD walirudi nao. Haase hakuiona siku hiyo, kwani alipigwa risasi mbele ya Bunge Oktoba 1919 akafa mwezi uliofuata. Watu hao walikuwa tayari kuishi nyumba moja na wapinzani wao. Waliotolewa nje walitolewa na uongozi, na kuwabebesha wao mzigo wa mgawanyiko ni kumhukumu aliyefukuzwa kwa kosa la kutoka.

Haya hayampi kila mwenye hasira leseni ya kukivuruga chama chake vitani. Aliyevunjika moyo anawiwa na wenzake sababu zilizo wazi, ushahidi unaoweza kupimwa, na heshima kwa wale walioko mstari wa mbele, ambao mara nyingi ni watoto wa walewale anaobishana nao. Bernstein alifanya hivyo. Amery alifanya hivyo. Chama nacho kinawiwa na wanachama wake mambo ambayo si magumu: kuandika na kutangaza hoja za wachache pamoja na uamuzi wa wengi, kuijadili upya idhini yake kila serikali inaporudi kuomba fedha na watu, na kutomwadhibu mbunge kwa kura aliyoipiga kwa dhamiri. SPD ilipata nafasi hiyo ya kujadili upya kila baada ya miezi michache, mkopo mmoja baada ya mwingine, na kila mara ikaitumia kuhesabu nani ametii. Chama chochote kitakachojikuta ndani ya vita kitaletewa hesabu hiyohiyo. Wanachama wake watakaouliza vita hivi ni vya nini na vitakwisha lini watakuwa wengi wao ni watu waliokiamini sana, kwa sababu asiyekiamini chama hana cha kuvunjika moyo nacho. Kuwasikiliza wakati vita vinaendelea huwagharimu viongozi fahari kidogo. Kuwasikiliza baada ya vita kwisha hakumrudishi aliyekufa, wala hakukirudishi chama kama kilivyokuwa.